Maji ya Kisima Mombasa: Weupe Si Usafi

Mgonjwa anapokuja na homa ya matumbo au kuhara, swali langu la kwanza ni hili: maji ya kunywa mnayatoa wapi? Aghalabu hujibu, "Kisimani, daktari, lakini ni meupe kabisa."

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya pwani yake vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile tunalolichonga matofali ya kujengea. Mwamba huo umejaa nyufa na matundu. Mchanga na udongo huyachuja maji polepole, na vijidudu vingi hufia njiani. Matumbawe huyapitisha mbio. Basi choo cha shimo cha jirani kikiwa hatua chache kutoka kisima chako, yaliyomo yaweza kukufikia yangali na uhai. Wakati wa masika, mashimo yanapofurika, hatari huzidi. Wataalamu hushauri choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, lakini nani ana ploti ya ukubwa huo Likoni au Kisauni? Na juu ya matumbawe, hata mita hizo si dhamana.

Kuchemsha maji mpaka yatokote huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Klorini pia, ikitiwa kwa kipimo. Wengi huishia hapo. Hata hivyo, kinyesi kikioza ardhini huacha chumvichumvi iitwayo nitreti, ambayo moto hauiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo aweza kukosa oksijeni katika damu, midomo na kucha zikageuka buluu. Huyo akimbizwe hospitali mara moja. Maziwa ya mama hayana hatari hiyo. Na kama ni lazima kopo, tafuteni maji ya bomba yaliyosafishwa, kisha myachemshe.

Nawasihi wenye nyumba wasitoboe sakafu ya tangi la maji taka ili "lisijae upesi". Lori la kunyonya uchafu lina gharama, najua. Lakini uchafu uliozama hautulii chini: sehemu huingia visimani, nyingine hutokea katika hori la Tudor, ambako chaza huyachuja maji hayo hayo na kuhifadhi vijidudu mwilini. Chaza wa huko wapikwe waive; msiwale wabichi, hata kwa ndimu.