Paka Huonya Kabla ya Kukwaruza

Katika maduka ya nafaka ya Lwakhakha, upande wetu wa mto unaotenganisha Kenya na Uganda, paka ni mfanyakazi. Mshahara wake ni vichwa vya omena na maziwa kidogo, na kazi yake ni kuhakikisha panya hawatoboi magunia ya mahindi. Msimu wa mavuno niliketi kwenye duka moja la aina hiyo nikisubiri bodaboda. Mtoto wa miaka minne hivi akamwendea paka aliyejilaza juu ya gunia, akamshika tumbo. Mkia ukapiga gunia: pa, pa. Masikio yakalala. Ngozi ya mgongo ikatetemeka. Mtoto hakuacha, na punde akawa na michirizi mitatu ya damu mkononi.

“Huyu paka hana adabu,” mama mwenye duka akasema, akamfuta mtoto kwa ncha ya leso.

Adabu alikuwa nayo. Alikuwa ameonya mara tatu, ila mle dukani hakuna aliyemwelewa, mimi nikiwemo, kwa maana nilitazama tu.

Kosa letu kubwa ni kumsoma paka kama tunavyomsoma mbwa. Mbwa akitikisa mkia, mara nyingi amefurahi. Paka akiupigapiga huku na huku amekereka, na ukiendelea kumshika utajilaumu mwenyewe. Akikujia mkia ukiwa wima, ncha imejipinda kidogo, hapo anakuamkia. Mkia ukivimba na manyoya ya mgongo kusimama, ameogopa; mpishe, usimbane kwenye kona. Tumbo nalo huwaponza wengi. Paka akilala chali mbele yako amekuamini, lakini hajakukaribisha ulishike. Akiwa hivyo, miguu yote minne iko tayari kwa kazi.

Macho yana habari tamu zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo kwamba paka huelekea zaidi kufumba macho polepole binadamu wao wanapowafanyia hivyo, na humkaribia zaidi mgeni aliyewafumbia macho kuliko yule aliyewatazama kwa uso mkavu. Nimemjaribu paka wa jirani yangu. Siku nyingine hunijibu, siku nyingine hunipuuza kabisa.

Akijisugua shavu kwenye sketi yako au kwenye gunia, anapaka harufu inayotoka kwenye tezi za usoni, kusudi mahali pale panuke kwao. Akikukanda mapajani kama anayekanda unga wa chapati, amerudia utoto: ndivyo kinyau anavyobonyeza titi la mama yake ili maziwa yashuke. Ile sauti ya nyau anayokulilia kila asubuhi, paka wazima kwa wazima hawatumii sana. Wameihifadhi kwa ajili yetu.

Kukoroma ndiko kunakodanganya. Paka aliyetulia hukoroma, na aliyeumia pia hukoroma. Sababu ya paka kuficha maumivu tuitafute kwa babu yake, paka mwitu wa Afrika, ambaye bado anaishi katika nyika zetu. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba paka wa nyumbani ametoka katika ukoo huo, na wataalamu wanaamini kilichomvuta kwa binadamu ni panya waliofuata nafaka zilizohifadhiwa. Kazi ya paka wa Lwakhakha, basi, ni ya maelfu ya miaka. Babu huyo huwinda peke yake, na huku naye anaweza kuliwa na wanyama wakubwa zaidi. Mnyama wa namna hiyo akionyesha maumivu amejimaliza.

Kwa hiyo usisubiri paka alie ndipo ujue anaumwa. Angalia aliyeacha kujilamba manyoya, anayejificha chini ya kitanda, asiyegusa chakula siku nzima. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo ana dharura. Huenda njia imeziba, na anaweza kufa baada ya siku moja au mbili. Mwite daktari wa mifugo. Wala usimpe paracetamol ukidhani unamsaidia: ini la paka haliwezi kuivunja inavyotakiwa, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Sumu ya panya vilevile. Ukiitega kwenye stoo, paka atamla panya aliyeila.

Turudi kwa yule mtoto. Leso haikutosha. Kichaa cha mbwa huwafikia watu wengi zaidi kupitia mbwa, lakini paka naye huugua na kuambukiza, na dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo kufikia 2030. Mtu aking’atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo ili waamue kama anahitaji chanjo.

Na maafisa wa mifugo wakija mtaani kuchanja mbwa, wapelekee paka pia. Mbebe ndani ya kikapu chenye kifuniko, mikononi hatafika.