Askari wa SADC walirudi kwao kupitia Rwanda: somo gani kwa Kongo?

Msafara wa kwanza wa askari wa SADC uliondoka Goma tarehe 29 mwezi wa nne 2025. Kiwanja cha ndege kilikuwa kimefungwa tangu mji ulipoanguka mikononi mwa M23, mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Askari wakavuka mpaka kuingia Rwanda, kisha wakaelekea Tanzania kwa barabara.

Rwanda si mwanachama wa SADC. Tena ndiyo nchi ambayo Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaishutumu kuwasaidia waasi hao, jambo ambalo Kigali inakana. Hata hivyo, ruhusa yake ndiyo iliyowafungulia askari njia ya kurudi kwao.

Misheni hiyo, SAMIDRC, ilianza mwezi wa kumi na mbili 2023, ikiwa na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Ilikuja wakati kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, kilipokuwa kinaondoka, baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda. Serikali ilitaka kikosi hicho kiwapige waasi, lakini chenyewe kilijiona kama cha kutenganisha pande zinazopigana.

SADC yenyewe ilikubali kupigana pamoja na FARDC. Katika mapigano ya Sake na Goma, mwezi wa kwanza 2025, Afrika Kusini peke yake ilipoteza askari 14. Waliobaki walikaa kambini, wakizungukwa na waasi, na tarehe 13 mwezi wa tatu viongozi wa SADC waliamua kumaliza misheni.

Kongo iko ndani ya jumuiya zote mbili. Rwanda iko EAC tu. Ndiyo sababu mkutano wa Dar es Salaam, tarehe 8 mwezi wa pili 2025, uliziketisha SADC na EAC pamoja: askari wa kigeni, hata wakiwa na silaha nzito, hawawezi kudumu Goma ikiwa majirani hawajapatana.

Mapatano ya Washington ya tarehe 27 mwezi wa sita 2025 yanaitaka Kongo na Rwanda ziunde chombo cha pamoja cha usalama. M23 haikuyatia saini. Kwa wakaaji wa Goma na Sake, kipimo chake ni kimoja: kulala usiku bila kusikia bunduki, na kurudi shambani.