Mume Doha, Mke Tanga: Nani Awasuluhishe?

Mlinzi wa usiku aliyeko Doha anapokosana na mkewe aliyebaki Tanga, ugomvi hushika njia ya pesa. Kiwanja kimenunuliwa kwa jina la kaka mtu, ada ya mtoto haikufika, na kila mmoja ana hesabu zake. Wakishachoka kutoleana maneno kwenye simu, mmoja hutamka talaka, mwingine hutafuta wakili. Hapo katikati kuna usuluhishi, na watu wetu wengi wanaupita bila kuujua vizuri.

Kwa wanandoa walioko Doha wote wawili, mlango upo karibu. Kituo cha ushauri wa familia cha Wifaq kilianzishwa mwaka 2002, na Mahakama ya Familia huwapeleka huko wanaotaka kuachana. Sheria ya Familia Na. 22 ya 2006 nayo inamtaka hakimu ajaribu kupatanisha kabla ya kutenganisha. Mfarakano ukizidi, huteuliwa waamuzi wawili, ikiwezekana mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Mtu wa Pemba au Lamu hatashangaa, maana utaratibu huo umetoka kwenye aya ya 35 ya Sura An-Nisaa. Mke akiomba khului, yaani kujivua kwenye ndoa, na mume akagoma, waamuzi hao hupewa muda usiozidi miezi 6. Wakishindwa, mke hurudisha mahari, huacha madai yake ya fedha, na mahakama humpa khului. Jambo moja liulizwe mapema: sheria hiyo imejengwa juu ya madhehebu ya Hanbali, lakini inawaachia watu wa madhehebu na dini nyingine kanuni zao. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii, kwa hiyo waulize ni kanuni zipi zitatumika kwao.

Tanzania mambo yana mtego wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu shauri la talaka kufunguliwa mpaka Baraza la Usuluhishi la Ndoa lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na hati hiyo isiwe imepita miezi 6. Lakini kifungu cha 101 kinatoa msamaha pale mdaiwa anapoishi nje ya nchi na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi 6 baada ya shauri kufunguliwa. Huyo ndiye mlinzi wetu wa Doha! Shauri linaweza kwenda mahakamani bila yeye kufika mbele ya baraza hata siku moja. Kwa hiyo asisubiri kuitwa. Aliandikie baraza barua, ataje mwezi wa likizo yake, aombe asikilizwe hata kwa simu.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyosuluhisha. Wazee hukaa, humwambia mke avumilie, husoma dua, watu hula, kisha kila mtu hurudi kwake. Ada haijalipwa, kiwanja bado ni cha kaka mtu. Msuluhishi anayeijua kazi humsikiliza kila mmoja faraghani, huorodhesha yanayogombewa, kisha huyashughulikia moja moja: kiasi gani kitatumwa, tarehe ipi, mtoto ataongea na baba siku zipi, hati ya kiwanja itabadilishwa lini. Wakiamua kuachana, kazi yake haijaisha. Wataachana vipi bila mtoto kutoka shule? Wanandoa nao wajue sheria ingewapa nini kabla hawajakubali kitu. Kwa Sheria ya Familia ya Qatar, kwa mfano, mama hukaa na mtoto wa kiume mpaka miaka 13 na wa kike mpaka 15.

Pia wawili hao lazima waweze kusema bila hofu. Mke anayeishi Doha kwa udhamini wa mumewe anajua kibali chake cha ukaazi kimeshikwa na mtu anayegombana naye, na msuluhishi asiyeuliza hilo tangu mwanzo atapata ndiyo ya woga. Palipo na kipigo au vitisho, kikao kisimame. Hapo ni polisi, hospitali na mahakama, na usalama wa aliyeumizwa kwanza.

Makubaliano yakipatikana yaandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, na yapelekwe mahakamani yasajiliwe, kwa sababu karatasi ya wazee haiwezi kumlazimisha mtu kutuma pesa. Yanayohusu watoto hakimu anaweza kuyabadili akiona yanawaumiza.