Maagizo Yaeleweke: Shauri kwa Wafundishao Watu Wazima

Kufundisha mtu mzima si sawa na kufundisha mtoto. Mtoto asipoelewa hukosea waziwazi, na mwalimu humrudia. Lakini mtu mzima ana heshima yake. Amelea watoto, amelima shamba, amekaa barazani na wenzake, wala hapendi kuonekana mjinga mbele ya majirani. Akiulizwa, "Mmeelewa?" atajibu, "Ndiyo, mwalimu," ajapokuwa hakushika hata neno moja. Wahenga walisema, Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Walakini yampasa mwalimu aeleze hata asiyethubutu kuuliza apate kuelewa.

Tutwae mfano wa jambo lifundishwalo sana vijijini, yaani kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Mara nyingi kuharisha huua kwa sababu mwili hupungukiwa na maji na chumvi. Kipimo ni hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kipimo hiki ni chepesi, lakini maneno yake yana mitego. Mwalimu akisema "kijiko" tu, mmoja atatwaa cha chai na mwingine cha mezani, ambacho huchukua karibu mara tatu. Asiposema kisawazishwe, mwingine atajaza lundo. Sukari ikizidi, kuharisha huongezeka. Chumvi ikizidi, mtoto aweza kudhurika hata kufa. Tena, lita ni nini kwa mama asiye na chombo cha kupimia?

Basi mwalimu afanye hivi:

Kwanza, atumie vyombo vya wanafunzi wenyewe. Kila mmoja aje na kijiko na sufuria yake, nayo lita itiwe alama humo.

Pili, mpango wa maneno uwe mpango wa kazi. Asiseme, "Tieni sukari na chumvi, lakini kwanza maji yachemke yapoe," maana msikiaji hushika lililotangulia. Aseme: "Chemsha maji. Yaache yapoe. Pima lita moja. Tia sukari. Tia chumvi. Koroga. Onja, yasipite machozi kwa chumvi." Kila sentensi iwe na kazi moja.

Tatu, atende mbele yao polepole, bila kuchanganya habari nyingine.

Nne, asiulize kama wameelewa. Aseme, "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vema. Hebu nionyeshe utakavyofanya nyumbani." Hivyo kosa likitokea ni la maelezo, wala si aibu ya mama.

Faida ya njia hii ilionekana katika nchi ya Bangladesh. Kati ya mwaka 1980 na 1990, chama kiitwacho BRAC kilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama dawa hiyo, nao walifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Kwa kuwa vijiko vya kupimia vilikuwa adimu, walifundisha kupima chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa konzi. Malipo ya wafundishaji hayakufuata wingi wa nyumba walizoingia, bali kadiri mama alivyokumbuka na kuweza kutenda alipojaribiwa baadaye na mkaguzi. Kwa hiyo mfundishaji hakuweza kuridhika na kuitikiwa "ndiyo."

Yafaa kuongeza kwamba pakiti za dawa zitolewazo zahanatini ni bora zaidi zikipatikana. Hizo nazo zataka maagizo dhahiri, kwani baadhi ni za nusu lita na baadhi ni za lita moja. Mfundishaji asome pakiti ile ile aliyo nayo mama. Na mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au anayeharisha damu, apelekwe hospitali mara moja.

Aonyeshwaye mambo haya akayatenda kwa mikono yake mbele ya mwalimu, atayakumbuka usiku mtoto atakapougua, hali mwalimu yu mbali.