Vyeo vya Tiba na Hatari ya Tafsiri Sisisi

Mgonjwa wa Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, apewapo rufaa ya kwenda Sumbawanga, ni muhimu ijulikane atatibiwa na nani. Je, cheo cha mtaalamu kikihamishwa katika lugha nyingine, maana yake hubaki ileile?

Neno la Kijerumani Assistenzarzt, likitafsiriwa sisisi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, huwa “daktari msaidizi”. Kumbe huyo ni daktari kamili: amesoma udaktari chuo kikuu kwa miaka 6 hivi, ana leseni, na yumo katika mafunzo ya ubingwa. Akihitimu huitwa Facharzt, yaani daktari bingwa.

Nchini Tanzania, mafunzo ya madaktari wasaidizi yalianzishwa mwaka 1963. Hao walikuwa watumishi wa tiba wenye uzoefu, walioongezewa mafunzo ya miaka 2. Bila shahada ya udaktari, waliwafanyia wajawazito upasuaji na kuokoa maisha katika hospitali za wilaya.

Jina ni moja, njia ni mbili. Kwa hiyo mfasiri huuliza kwanza: mhusika amesomea nini, ana leseni gani, na husimamiwa na nani? Hapo ndipo huandika: “daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa”.