Mbwa wa Kasulu na umeme usiosikika

Vijijini Kasulu na Kibondo mbwa hafugwi kwa urembo. Hulinda nyumba usiku, hukimbiza nyani mahindi yanapokomaa, hufuatana na wachungaji kuelekea mabonde ya mto Malagarasi. Kazi hizo ndizo zinazomvunja: waya wa mtego humkaba mguu, nguruwe pori humpasua ubavu, bodaboda humgonga. Hurudi nyumbani akichechemea, na mwenye mbwa husema atapona mwenyewe. Wengine hupona kweli, ila mguu umekauka.

Ulaya na Marekani mbwa kama huyo anaweza kupelekwa kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, na baadhi yao humtibu kwa umeme mdogo mno, unaopimwa kwa maikroampea, yaani sehemu ya milioni ya ampea moja. Mashine za TENS zinazotumika kwa maumivu ya mgongo huwasha ngozi na kutikisa misuli. Umeme huu mdogo mgonjwa hausikii kabisa. Manyoya hunyolewa au kuloweshwa, vibandiko viwili huwekwa pande mbili za jeraha, na mbwa hulala huku umeme ukipita.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1843 Mjerumani Emil du Bois-Reymond alipima umeme unaotoka kwenye ngozi iliyokatwa, akitumia kidole chake mwenyewe. Mwili, kumbe, huwa na umeme wake pale unapojeruhiwa. Kisha mwaka 1982 Ngok Cheng na wenzake walipitisha umeme kwenye vipande vya ngozi ya panya, wakaona ATP, nishati ambayo seli huitumia kujijenga, ikiongezeka hadi karibu mara 5 umeme ulipofika maikroampea 500. Walipoupandisha zaidi ya 1,000, faida ilianza kushuka. Kwa tiba hii, basi, kuongeza umeme si kuongeza uponyaji.

Lakini ngozi ya panya kwenye maabara si mbwa aliyegongwa na pikipiki. Ushahidi kwa mbwa wenyewe bado ni haba, na muuzaji anayeahidi kuunganisha mfupa kwa kibandiko anauza matumaini. Mimi naiona kama tiba ya nyongeza, ya kupunguza maumivu na kusaidia kidonda kufunga baada ya kazi kubwa kufanyika. Inavutia pia kwamba wilaya hizi, ambazo hadi miaka michache iliyopita zilitegemea majenereta ya dizeli, zisingehitaji hata gridi ya Taifa kwa kazi hii, kwa kuwa kifaa huendeshwa na betri ndogo. Fundi asije akajaribu kukiunda kwa chaja ya simu au betri ya pikipiki. Huko kunaweza kumuua mbwa.

Kazi kubwa yenyewe haina mashine. Mfunge mdomo kwa kitambaa kwanza, maana hata mbwa mpole huuma akiumia. Ila akitapika au akihema kwa shida, usimfunge. Bana damu kwa kitambaa safi. Waya ukishatolewa, osha jeraha kwa maji safi mengi. Mguu ukining'inia, mbebe juu ya ubao au gunia lililokazwa hadi kwa daktari au afisa mifugo. Na usimpe ibuprofen wala diclofenac ya duka la dawa: humchoma tumbo na kuharibu figo, na wengi humpa kwa huruma tupu.

Wiki zinazofuata, baada ya ruhusa ya mtaalamu, kukunja na kukunjua mguu taratibu kila siku na kumtembeza kwa kamba fupi huzuia misuli kukauka. Kwenye kliniki tajiri mbwa huogeleshwa. Huku usimpeleke Malagarasi, mamba wapo.

Linalonitia hofu kuliko mfupa ni mate. Jeraha la kung'atwa na mbwa au mbweha asiyejulikana linaweza kubeba kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua karibu kila mtu aliyeanza kuonyesha dalili, na zaidi ya asilimia 95 ya vifo vya watu kwa ugonjwa huo hutokana na mbwa. Uking'atwa unapomhudumia, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kabla hujauliza bei ya kifaa cha umeme, muulize afisa mifugo wa kata yako lini anachanja mbwa, na umpeleke wako.