Mtu Mzima na Nyakati za Kitenzi cha Kiingereza: Kiswahili ni Kikwazo au Daraja?

Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mtu mzima anayejifunza Kiingereza, nyakati za kitenzi hushika nafasi ya mbele. Mara nyingi mwanafunzi wa gumbaru huambiwa asahau Kiswahili chake pindi aingiapo darasani. Makala haya yanashikilia kwamba ushauri huo una kasoro. Mtu mzima huja na sarufi kamili akilini mwake, na ataitumia apende asipende. Heri basi aonyeshwe ni wapi inamfaa na ni wapi inampotosha.

Robert Lado (1957) alieleza kuwa mwanagenzi huelekea kuhamisha maumbo na maana za lugha yake hadi katika lugha mpya. Naye Pit Corder (1967) alionyesha kwamba makosa ya mwanagenzi si uzembe, bali ni ushahidi wa kanuni anazojijengea. Mawazo haya mawili ndiyo yanayotuongoza hapa.

Wakati na Hali

Wakati hutueleza tendo lilitukia lini. Hali hutueleza tendo likoje: linaendelea, limekamilika, au ni la mazoea. Kiswahili hudhihirisha haya kwa viambishi vinavyotangulia mzizi, kama vile -li-, -ta-, -na-, -me- na hu-. Kiingereza nacho hubadilisha mwisho wa kitenzi, kama katika 'worked', hugeuza umbo zima, kama 'go' inavyokuwa 'went', au huleta kitenzi kisaidizi. Maumbo haya hukaririwa yakazoeleka. Ugumu mkubwa zaidi umo katika maana.

Kiambishi -me-

Tuchukue sentensi 'Mtoto amelala.' Aliyefunzwa kwamba -me- ni 'has' atasema 'The child has slept.' Mwingereza ataelewa kuwa mtoto alipata usingizi, na huenda ameshaamka. Ilhali Kiswahili kinataja hali aliyomo mtoto sasa, yaani 'The child is asleep.' Mhudumu wa hospitali akiulizwa kuhusu mgonjwa, hizo ni taarifa mbili tofauti. Vivyo hivyo, 'amechoka' ni 'is tired' na 'amesimama' ni 'is standing'. Kwa upande mwingine, 'ameandika barua' ni 'has written a letter', kwa sababu kinachosisitizwa ni tendo lililotimia. Swali la kujiuliza ni hili: je, ninaeleza mtu yu katika hali gani, au ametenda nini?

Tatizo la pili ni kutenganisha 'has arrived' na 'arrived'. Kiingereza sanifu hakiruhusu 'has' kuandamana na neno linalotaja wakati uliokwisha, mathalani 'yesterday'. Hapa Kiswahili kina msaada mkubwa. Mwanagenzi na aikanushe sentensi yake. 'Hajafika' humaanisha kuwa angali anatarajiwa, nayo ni 'has not arrived yet'. 'Hakufika' humaanisha kuwa suala limefungwa, nayo ni 'did not arrive'. Mzungumzaji wa Kiswahili hachanganyi viambishi -ja- na -ku- katika ukanushi. Kwa hivyo tofauti anayodhani ni ngeni anayo tayari.

Viambishi -na-, hu- na -ka-

'Mama anauza samaki' yaweza kumaanisha kwamba yuko sokoni sasa hivi, au kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Kiingereza hutenganisha maana hizi: 'is selling' na 'sells'. Ikiwa 'huuza' yaweza kuchukua nafasi ya 'anauza' bila kubadilisha maana, basi 'sells' ndiyo inayofaa. Hata hivyo, vitenzi vya kujua, kutaka na kumiliki havina budi kushughulikiwa peke yake: 'ninajua' ni 'I know', wala si 'I am knowing'.

Aidha, katika 'Alienda sokoni akanunua unga', kiambishi -ka- huendeleza wakati uliokwisha kutajwa. Kiingereza huurudia katika kila kitenzi: 'went' kisha 'bought'. Kinyume chake, 'Atakapofika nitamwambia' ina -ta- mara mbili, lakini Kiingereza husema 'When she arrives, I will tell her', bila 'will' katika kishazi cha kwanza.

Hitimisho

Mtoto akichekwa kwa kosa la sarufi, kesho yake hurudi darasani kwa kuwa mzazi humsukuma. Mtu mzima akichekwa huenda asirudi tena, na pamoja naye hupotea matumaini ya cheti au ya kazi bora. Wengi wetu katika chama hiki tutakuwa walimu. Tunapomsikia mtu mzima akisema 'has slept', tusikimbilie kalamu nyekundu. Tumwulize alitaka kusema nini kwa Kiswahili, kisha tuanzie hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizifanya lugha hizi mbili kuwa rasmi. Hakuna sababu ya moja kuifukuza nyingine darasani.